Vipimo vya damu baada ya kiharusi: kipi ulipie leo, kipi kisubiri, kipi uache

Hakuna kipimo cha damu, iwe hapa Tabora, iwe Muhimbili, iwe London, kitakachokuambia kwa uhakika kwamba mzee wako aliyepooza upande mmoja atatembea tena. Nalisema mapema kwa sababu ndugu hufika dirishani kwetu maabara na karatasi imejaa vipimo, wengine wameshauza magunia ya mpunga kupata hela ya kulipia, na wanachotafuta hasa ni jibu hilo moja. Vipo vipimo vinavyodokeza, tena vingine hudokeza kidogo mno. Na vipo vichache vya bei ya chini ambavyo kwenye utabiri si hodari sana, ila majibu yake hubadilisha kinachofanyika wodini usiku huohuo. Mimi ni mtu wa maabara na ninaegemea upande wa hivyo vya mwisho. Msomaji ajue hilo tangu mwanzo.

Ninazungumzia kiharusi cha kuziba, yaani bonge la damu limefunga mshipa wa ubongo. Kile cha mshipa kupasuka kina matibabu yake na hatari zake, na kwa macho huwezi kukitofautisha na hiki. Kinachotofautisha ni CT, picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa mashine. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya chupa yoyote ya damu, ni kama mashine ya CT inafanya kazi leo hapo mlipo, na kama haifanyi, mgonjwa anapelekwa wapi. Usikubali kubadilishana CT na orodha ndefu ya vipimo vya damu kwa sababu tu damu inachukuliwa hapohapo kitandani.

Jambo lingine la kuweka sawa ni maana ya "kupona" kwenye tafiti hizi. Wataalamu hutumia ngazi ya Rankin, 0 hadi 6: 0 hana dalili yoyote, 6 amefariki. Tafiti nyingi huhesabu 0 hadi 2 kuwa matokeo mazuri, na 3 hadi 6 kuwa mabaya. Sasa mtu wa ngazi ya 3 ni mtu anayetembea mwenyewe bila kushikwa, ila anahitaji msaada kwenye baadhi ya shughuli zake. Baba anayejiendea msikitini kwa miguu yake lakini anasaidiwa kuoga, kwenye vitabu hivyo amewekwa kapu moja na marehemu. Ukisikia kipimo fulani "kinatabiri matokeo mabaya", uliza kwanza ni mabaya yapi.

Kitanda kwanza, damu baadaye

Ili kujua kipimo cha damu kina uzito gani, kiweke karibu na yale ambayo daktari anayaona bila sindano. Ipo hesabu iliyotengenezwa Lausanne, Uswisi, inaitwa ASTRAL. Inataka vitu sita. Umri: pointi 1 kwa kila miaka 5. Ukali wa kiharusi kwa NIHSS, yaani alama anazojumlisha daktari akimkagua mgonjwa: pointi kwa pointi. Kufika hospitali baada ya zaidi ya saa 3: pointi 2. Kupoteza sehemu ya uwezo wa kuona: 2. Sukari ya damu kuwa chini ya 3.7 au juu ya 7.3 (kwa mmol/L, kama sukari zote za makala hii): 1. Fahamu kupungua: 3. Ukifika 31, uwezekano wa matokeo mabaya baada ya miezi mitatu ni nusu kwa nusu.

Chukua mzee wa kufikirika wa Sikonge, miaka 65. Mkono na mguu wa kulia havina nguvu, maneno yamegoma kutoka, NIHSS ni 14. Amefika baada ya saa tano kwa sababu gari la kukodi lilisubiriwa. Sukari 11.2. Anaona vizuri, fahamu zipo. Jumlisha: 13 za umri, 14 za ukali, 2 za kuchelewa, 1 ya sukari. Jumla 30. Kipimo cha damu, tena cha pekee kwenye hesabu nzima, kimeleta pointi 1 kati ya 30. Gari lililochelewa limeleta 2.

Si kwamba waliotengeneza hesabu hiyo waliidharau maabara. Watu wengi wamejaribu kuongeza alama za damu juu ya umri na ukali, na faida yake imekuwa ndogo. Edinburgh, kwa mfano, walipima alama kadhaa zikiwemo interleukini-6 (alama ya uvimbe mwilini) na NT-proBNP (alama ya moyo). Zilihusiana kweli na matokeo mabaya, lakini zikishawekwa pamoja na umri na ukali wa kiharusi hazikuongeza cha maana kwenye utabiri. Kwa sehemu kubwa damu inarudia habari ambayo ubongo umeshaitoa kupitia mkono, mguu na mdomo.

Sukari ya papo hapo na HbA1c

Kati ya hivi viwili, sukari ya kidoleni inashinda, tena kwa mbali. Ingekuwa amri yangu, mgonjwa yeyote aliyepooza ghafla asingevuka mlango wa mapokezi kabla ya glukomita kugusa kidole chake. Sababu ya kwanza haihusu utabiri hata kidogo. Sukari ikishuka sana inaweza kumpoozesha mtu upande mmoja, ikafanana na kiharusi kabisa. Mama mwenye kisukari amemeza vidonge asubuhi, hakula, mchana amelegea na mdomo umepinda. Sukari ni 1.9. Akipewa glukosi ya mshipani anaweza kurudi hali yake wakati ndugu bado wanatafuta hela ya CT. Hakuna kipimo kingine cha damu kwenye makala hii kinachoweza kuleta badiliko la namna hiyo.

Sababu ya pili ni sukari ya juu. Kwa mtu ambaye hakuwa na kisukari, sukari inayopanda siku ya kiharusi ni ishara mbaya. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2001, ulikuta hatari ya kufa ndani ya wiki za mwanzo kwa watu hao ni takriban mara tatu ya wale ambao sukari yao haikupanda. Ungedhani basi tiba ni kuishusha kwa nguvu. Jaribio la SHINE la Marekani, lililotangazwa 2019, liliwapa wagonjwa 1,151 ama insulini ya kubana sukari sana ama utaratibu wa kawaida. Waliobanwa hawakupona zaidi ya wenzao, na 2.6% kati yao sukari ilishuka kwa kiwango cha hatari, jambo ambalo upande wa pili halikutokea. Lengo linalofuatwa na wengi sasa ni kati ya 7.8 na 10, bila pupa.

Hapa pana mambo mawili ya nyumbani ninayoyasema kila ninapopata nafasi. Kwanza, "dripu ya nguvu", yaani ile chupa ya maji yenye sukari ambayo ndugu huiomba mgonjwa akilegea. Kama sukari haijashuka, haina kazi kwa mgonjwa wa kiharusi na inaweza kuongeza tatizo. Pili, asali. Sisi watu wa Tabora asali ni dawa ya kila kitu, na mgonjwa akianguka hukosi shangazi wa kumlambisha. Mtu aliyepooza upande mmoja mara nyingi hawezi kumeza sawasawa. Asali hiyo itampalia, na kilichoingia kwenye mapafu hakitoki kirahisi.

HbA1c inasimulia habari nyingine: wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Ikiwa 6.5% au zaidi, kisukari kilikuwepo kabla ya kiharusi. Ikiwa chini, huenda sukari ya leo imepandishwa na msukosuko wa mwili. Ni habari njema kuwa nayo, lakini hakuna kitu cha dharura ndani yake. Inaweza kuchukuliwa siku ya nne, inaweza kuchukuliwa kliniki. Na kwa wenzetu wenye selimundu, au walioongezewa damu karibuni, au wenye upungufu mkubwa wa damu, HbA1c inadanganya, kwa sababu inategemea chembe nyekundu ziishi umri wake wa kawaida. Watu hao afadhali wapimwe sukari ya asubuhi kabla ya kula, hali ikishatulia. Ikiwa 7.0 au zaidi kwa mara mbili tofauti, jibu limepatikana.

Neno moja la maabara kabla sijaondoka kwenye sukari. Damu ikikaa kwenye chupa ya kawaida, chembe zake zinaendelea kula sukari, kama 5% hadi 7% kila saa, na kwenye joto la Oktoba hapa kwetu ni zaidi. Sampuli iliyosafiri kwa bodaboda kutoka zahanati ya mbali itasoma chini kuliko ukweli. Kama sukari inapelekwa maabara, iwe kwenye chupa ya kifuniko cha kijivu. Kama chupa hizo zimeisha, amini glukomita ya kitandani.

FBP na CRP

Hivi viwili, FBP ya kuhesabu chembe za damu na CRP ya kuonyesha uvimbe au maambukizi, vinaandikwa pamoja karibu kila fomu, na kama hela haitoshi swali huwa kipi kianze. Jibu langu linategemea siku. Siku ya kwanza FBP, siku ya tatu CRP.

FBP ni chupa moja ya kifuniko cha zambarau inayotoa habari nyingi: hemoglobini, chembe sahani, chembe nyeupe na mgawanyo wake. Humo ndimo watafiti wanamotoa alama inayotajwa sana miaka hii, uwiano wa nyutrofili kwa limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe. Hailipiwi zaidi, ni kugawanya tu. Kwenye karatasi ya majibu tafuta nyutrofili, tuseme 7.8, na limfosaiti, tuseme 1.3. Gawanya, unapata 6. Baada ya kiharusi kikubwa homoni za msukosuko huzipandisha nyutrofili na kuzishusha limfosaiti, na kushuka huko kwa limfosaiti ni sehemu ya kinga kulala, hali inayoifungulia njia nimonia. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba uwiano ukiwa mkubwa, matokeo huwa mabaya zaidi.

Tatizo ni mpaka. Juu ya ngapi ndio "mkubwa"? Namba zinazotajwa kwenye tafiti, 3 au 5 na kadhalika, nyingi zimetoka China na Ulaya. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara tuna aina ya jini inayoitwa Duffy-null, ile inayotukinga na malaria ya vivax, na watu wenye jini hiyo wana nyutrofili chache kwenye damu wakiwa wazima kabisa. Kwa hiyo mzee wa Kaliua anaanzia chini kuliko mzee wa Beijing, na uwiano wake wa 3 hauna maana ileile. Ongeza malaria, maana Tabora na Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, ongeza VVU isiyotibiwa, na namba hiyo inayumba zaidi. Mimi siitumii kumwambia ndugu chochote. Naitumia kwa kulinganisha mtu na yeye mwenyewe: ilikuwa 3 Jumatatu, Alhamisi imekuwa 9, basi kuna kitu kinaendelea, na daktari asikilize kifua.

CRP nayo hutengenezwa na ini mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi. Huanza kupanda baada ya saa 6 hadi 12 na kilele chake ni karibu saa 48. Ukiipima saa ya pili tangu mgonjwa aanguke, unapima hali yake ya jana. Ikiwa juu saa hiyo, huenda alikuwa na kidonda, au maambukizi ya mkojo, au malaria, kabla ya kiharusi kumkuta. Kama utabiri wa kupona, CRP ya juu inaelekea kubaya, sawa na uwiano ule, na kwa udhaifu uleule: haisemi chanzo ni nini.

Ila siku ya tatu au ya nne inakuwa rafiki. Mgonjwa alikuwa anaendelea vizuri, leo amechoka zaidi, joto limepanda kidogo. CRP ikitoka 12 ikafika 140, kuna maambukizi yanatafutwa, kwenye mapafu au kwenye mkojo, hasa kama amewekewa mpira. Nimonia ni moja ya vitu vinavyowaua wagonjwa wa kiharusi waliookoka siku za mwanzo, na inatibika.

Lakini msikimbilie seftriaksoni, ile antibiotiki ya sindano, kwa sababu tu CRP imepanda, wala msiiombe "ya kinga". Uholanzi waliwapa wagonjwa wa kiharusi seftriaksoni gramu 2 kwa siku, siku nne, kabla hawajaugua maambukizi yoyote. Jaribio hilo, PASS la mwaka 2015, lilikuwa na watu zaidi ya 2,500, na waliopewa hawakupona zaidi ya wasiopewa. Kinachozuia nimonia kwa bei ya bure ni kumkagua mgonjwa kama anaweza kumeza kabla ya uji wa kwanza. Muuguzi anamkalisha wima, anampa maji kijiko kimoja, anangoja, anasikiliza kama anakohoa au sauti inakuwa ya maji maji. Akipaliwa, hakuna uji wala chai kwa mdomo; atalishwa kwa mpira hadi apimwe tena. Kama ningelazimika kuchagua kati ya CRP na kijiko hicho, ningechagua kijiko.

Pembeni ya hivi viwili kuna kreatinini na chumvi za damu, ambazo sina mengi ya kuzisemea. Vipimwe siku ya kwanza. Kreatinini inaongoza dozi za dawa na inajulisha kama figo zimeumizwa na presha ya miaka mingi. Sodiamu ikishuka mgonjwa huchanganyikiwa, na watu hudhani kiharusi kimerudi. Potasiamu ya juu isiyotarajiwa irudiwe kwanza kwa damu mpya kabla ya kuogopwa, maana mara nyingi ni chembe zilizopasuka wakati wa kuvuta.

D-dimer, NT-proBNP, troponini

Vyote vitatu vina bei, na vyote vinajibu swali la "kwa nini" kuliko swali la "atapona". D-dimer ni mabaki ya bonge la damu linalovunjwa. Inapokuwa juu sana, mtu hufikiria bonge lililotoka kwenye moyo, au saratani iliyojificha. Lakini inapanda pia kwa uzee, ujauzito, maambukizi, upasuaji. Kwa mzee wa miaka 78 mwenye nimonia, D-dimer ya juu haijakuambia kitu.

NT-proBNP hutoka kwenye moyo uliotanuka na hudokeza mapigo yasiyo na mpangilio, ambayo ni chanzo kikubwa cha bonge. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, inaonyesha mapigo hayohayo moja kwa moja, kwenye karatasi, dakika chache tu. Hata vidole viwili kwenye mshipa wa mkono wa mgonjwa kwa dakika nzima vinaweza kuotea: mapigo yakirukaruka bila utaratibu, mwambie daktari. Hili lina uzito, kwa kuwa mgonjwa huyo huenda akahitaji dawa za kuzuia damu kuganda badala ya aspirini peke yake.

Troponini, protini inayovuja misuli ya moyo ikiumia, naiweka nafasi tofauti kidogo. Miongozo ya Marekani inapendekeza ipimwe mwanzoni, kwa sababu moyo na ubongo huumia pamoja mara nyingi, na troponini ya juu inahusiana na vifo. Kama ipo na mna uwezo, sawa. Kama kuna maumivu ya kifua au ECG imebadilika, ni lazima. Kama hakuna hivyo na hela ni ya kuhesabu, ECG itangulie.

Protini za ubongo wenyewe

Hizi ndizo zinazoandikwa sana kwenye majarida ya utafiti, na ndizo ambazo ndugu wenye mtoto Dar au Nairobi huniuliza kwa simu. Sitazipitia moja moja kwa urefu.

| Alama | Inatoka wapi | Inapanda lini | Kinachoidanganya |
|---|---|---|---|
| Kopeptini | Homoni ya msukosuko, mwenzake vasopresini | Mapema sana, ndani ya saa | Shambulio la moyo, maambukizi makali |
| S100B | Seli za kusaidia ubongo | Siku ya 2 hadi ya 4 | Majeraha, mafuta ya mwili, saratani ya ngozi ya melanoma |
| NSE | Seli za fahamu | Siku chache za mwanzo | Chembe nyekundu zilizopasuka kwenye chupa |
| GFAP | Seli za kusaidia ubongo | Polepole kwenye kuziba, haraka kwenye kuvuja | Kuumia kichwa |
| NfL | Nyuzi za seli za fahamu | Siku hadi wiki | Umri, figo, neva zilizoharibiwa na kisukari |

Kati ya hizo, kopeptini na NfL ndizo zinazostahili kuangaliwa. Kopeptini imeshaingizwa kwenye hesabu ya utabiri pamoja na umri na NIHSS, na iliongeza usahihi, ingawa si kwa kishindo. NfL inafuata vizuri kiasi cha ubongo kilichokufa, tena inabaki juu kwa muda mrefu, hivyo hata mgonjwa aliyechelewa kufika anaweza kupimwa. Shida yake ni kwamba inahitaji mashine za kupima viwango vidogo mno, inapanda na umri kwa kila mtu, na kiasi cha ubongo uliokufa si sawa na kiasi cha ulemavu. Shimo dogo kwenye njia ya nyuzi za mkono linaweza kuupoozesha mkono wote; shimo kubwa sehemu nyingine likamwacha mtu anatembea.

NSE sitaipeleka mahali popote kutoka Tabora. Mtu akivuta damu kwa nguvu kwa sindano nyembamba, kisha chupa ikarushwarushwa kwenye barabara ya vumbi, tukiizungusha kwenye mashine majimaji ya juu yanatoka mekundu badala ya rangi ya majani makavu. Chembe nyekundu zina NSE nyingi ndani yake. Majibu yatasoma juu, familia italia, na ubongo hauhusiki.

Kipimo kinachoshinda vyote kwa swali la mkono

Swali likiwa "mkono wake utafanya kazi tena?", acha damu. Siku ya pili au ya tatu mwambie mgonjwa anyooshe vidole vya mkono uliopooza, kisha ainue bega kupeleka mkono pembeni. Utafiti wa Uholanzi uliofuatilia wagonjwa kwa miezi 6 ulikuta kwamba waliokuwa na dalili ya kufanya yote mawili ndani ya saa 72, hata kidogo tu, walikuwa na uwezekano wa 98% wa kupata tena kiasi fulani cha matumizi ya mkono. Walioshindwa vyote viwili: 25%. Waliokuwa bado wanashindwa siku ya tisa: 14%. Sijaona alama ya damu inayokaribia tofauti hiyo. Na angalia, hata kwenye kundi baya mtu mmoja kati ya wanne alirudisha kitu, kwa hiyo mazoezi ya viungo hayaachwi.

Kama mgonjwa ni kijana

Hapa mzani unageuka. Mtu wa miaka 28 hapaswi kupata kiharusi, na vipimo vyake si vya kutabiri bali vya kusaka chanzo: VVU, kaswende, selimundu, na echo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kwa ajili ya vali zilizoharibika. Kaswende inatibika kwa penisilini. Mtoto wa selimundu aliyepata kiharusi ana mpango wake maalumu wa kuzuia cha pili, na asipoanzishiwa mapema, mara nyingi cha pili huja. Kwa kijana ningetumia hela huko kabla ya kitu kingine chochote kwenye ukurasa huu.

Kwa mfuko ulionao

Hela ikiwa ya shida kabisa: sukari ya kidoleni, kipimo cha haraka cha malaria kama kuna homa au fahamu zimepungua, FBP, kreatinini na chumvi, ECG. VVU ipimwe pia, haina malipo. Kama mgonjwa ana kadi ya bima, ulizeni dirishani kipi kinalipiwa kabla damu haijavutwa. Baada ya hapo mazungumzo huwa marefu.

Hela ikiwepo kidogo zaidi: wekeni akiba ya CRP na FBP ya pili kwa siku ya tatu au ya nne, na mzitumie tu kama joto limepanda, anakohoa, au analala kuliko jana. Hela ikiwa nzuri, ongezeni troponini. Iliyobaki ikalipie mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Mafuta ya damu, yaani kolesteroli na wenzake, sijayataja kwa sababu hayatabiri kupona. Yanapimwa ili kuongoza dawa za kuzuia kiharusi cha pili, na LDL, ile kolesteroli mbaya, inalengwa iwe chini ya 1.8 mmol/L. Albumini, protini ya damu, nayo huwa chini kwa wagonjwa wanaofanya vibaya, na hapo kuna fundisho: watafiti walijaribu kuwapa wagonjwa albumini ya mshipani kwenye jaribio la ALIAS, likasitishwa kwa kukosa faida, na waliopewa walipata maji kwenye mapafu zaidi. Alama kuwa chini haina maana kwamba ukiijaza mtu atapona.

Mtu akikuletea kifurushi cha "vipimo kamili vya kiharusi", muulize hivi, kwa heshima zote: "Daktari, majibu yakija juu tutafanya nini tofauti na sasa? Na yakija chini?" Kwa kipimo ambacho jibu ni lilelile pande zote mbili, mwombe akitoe kwenye fomu. Madaktari wengi hawakasiriki wakiulizwa hivyo, na wengine huonekana kufarijika.

Mgonjwa akiruhusiwa, pangeni kliniki ya wiki za mwanzo na ya mwezi wa tatu. HbA1c na mafuta ya damu vichukuliwe kwenye hiyo ya kwanza kama havikuchukuliwa wodini, kreatinini irudiwe kama ameanzishiwa dawa mpya za presha, na presha yenyewe ipimwe kila anapofika, iandikwe kwenye daftari lake.